Imebaki Vifungo Tu

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hunibidi niweke mkasi chini kwanza. Miaka imepita mingi, macho yangu sasa hata kutunga uzi kwenye sindano yanaomba miwani, lakini Ijumaa ile naiona bila miwani. Nitakusimulia. Usiwe na haraka, na hiyo simu yako ilaze kifudifudi, haitakimbia.

Kwanza nikwambie kilichonikumbusha. Juzi nilikuwa nimekaa sebuleni hapa kwetu Ukonga, nashona upindo wa suruali ya jirani. Mmoja wenu, jina simtaji ila mwenyewe anajijua, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, miguu juu, anaongea na mteja wake wa keki. Keki yenyewe ilikuwa bado iko kwenye oveni. Nyumba nzima ilikuwa inanukia. Nikamsikia akisema, "Mie niko njiani, dada'angu, nishavuka Tazara. Foleni tu ndo ishu. Lakini Mungu ni mwema, nafika." Akakata simu, akageukia upande wa pili, akaendelea kuangalia video zake.

Mama yako, samahani, mama yake, alinitazama akingoja niwake. Hata mimi niliingoja hasira yangu ije. Haikuja. Iliyokuja ilikuwa aibu, tena aibu yangu mwenyewe, maana ile "Mungu ni mwema" naijua ilikotoka. Nilikuwa naisema kwa maneno mengine kabla wewe hujazaliwa.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Barabara ya Morogoro ilikuwa haina hata ndoto ya mabasi ya mwendokasi. Nilikuwa nimetoka Mpwapwa na ufundi wangu, nikapata nafasi ya cherehani moja kwenye baraza la nyumba ya mtu pale Manzese, ubavuni kwa Fundi Mligo. Mligo alikuwa mtu wa Njombe, amenizidi miaka kumi, na kanisani alikuwa anaonekana Krismasi na kwenye misiba. Mimi nilikuwa nimeokoka, tena nilikuwa mwalimu wa kwaya. Nilichukua ubao nikauandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: FUNDI MLOKOLE, NGUO ZA AINA ZOTE. Mligo aliusoma ubao ule taratibu, akasema, "Nguo za aina zote utaziweza, dogo. Hilo neno la juu ndilo lenye kazi." Nikamwona mpagani tu, nikaendelea na wimbo wangu. Nilikuwa nikiimba tangu nafungua cherehani asubuhi hadi naifunika jioni, na wapita njia walikuwa wanasimama kunisikiliza.

Sasa nikufunulie siri ya kazi yetu, ingawa mafundi wenzangu watanilaani. Fundi cherehani wa mji huu ana sentensi moja inayomlinda kuliko paa la bati. Mteja akija siku ya ahadi, na kitambaa chake hakijaguswa hata kwa chaki, fundi hasemi hakijaguswa. Anasema, "Imebaki vifungo tu." Kama ni gauni, imebaki zipu tu. Mteja anaona haya kugombana na mtu kwa ajili ya vifungo, anaondoka, na fundi anajipatia siku tatu nyingine. Mligo alikuwa anaisema hivyo hivyo, kavu. Mimi niliitia nakshi. Nilikuwa nasema, "Imebaki vifungo tu, mama. Kesho, kwa jina la Yesu."

Na ukishasema kwa jina la Yesu, mteja atapitia wapi? Akibisha, ataonekana anabishana na Bwana. Wengine walikuwa wanaitikia kabisa, "Amina," wanaondoka mikono mitupu. Na mimi, mwanangu, sikuwa naona kama nadanganya. Nilikuwa najiambia kwamba nakiri kwa imani. Moyo wa mtu ukiamua kujidanganya haukosi mstari wa Biblia wa kuegemea.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitambaa la Mzee Nassor. Wale walikuwa watu wenye asili ya Kiarabu, wamekaa Manzese tangu haijajaa nyumba, na mzee mwenyewe alianza kuuza nyuzi na vifungo tangu ujana wake. Wakati ninaousema alikuwa amezeeka, miguu inavimba, haingii tena dukani. Aliyekuwa anauza ni binti yake, Bi Zuhura, mwanamke wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Nyuma ya kaunta alikuwa na droo ndogondogo za vifungo vya kila rangi, na mafundi wote wa baraza letu tulikuwa tunanunua vifungo pale kwake. Hilo lishike, utalihitaji mbele.

Siku moja Bi Zuhura alivuka barabara akaniletea kitambaa cha poplini nyeupe, kimefungwa kwenye gazeti kwa uzi. "Baba anataka kanzu mpya," akaniambia. "Kasema akipata nguvu kidogo, aende Ijumaa msikitini. Hataki darizi wala mapambo, vifungo vinne tu hapa shingoni. Na kasema nisipeleke kwa fundi mwingine. Kasema, mpelekee yule kijana anayeimba. Mtu anayemtaja Mungu tangu asubuhi hawezi kumchezea mtu."

Nilifurahi mpaka nikajisikia mrefu. Nilivuka naye papo hapo nikampima mzee akiwa amekaa kitandani, nikaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, nikamwahidi wiki moja.

Jioni ile ile kwaya ikakutana, tukakubaliana kuhusu tamasha. Sare thelathini, sketi na mashati, na fundi ni nani kama si mwalimu mwenyewe? Nikasema, kazi ya Bwana kwanza. Furushi la Mzee Nassor nikaliweka kwenye rafu nyuma ya pazia, pamoja na vitambaa vya watu wengine, nikaanza kukata sketi. Unaona mtego ulivyo mtamu? Kama ningekuwa nimeiacha kanzu ile nikalewe, dhamiri ingenisuta siku ya pili tu. Lakini niliiacha kwa ajili ya kanisa, kwa hiyo dhamiri ililala usingizi mnono.

Wiki ilipotimia, Bi Zuhura alikuja. Nikamwambia imebaki vifungo tu, kesho kutwa kwa jina la Yesu. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akasema, "Haya, fundi." Wiki ya pili akaja tena, nikamwambia yale yale, akasema haya yale yale. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini tumbo lililokuwa linaumia halikuwa langu, ndiyo maana sikulisikia.

Ndipo ikaja Ijumaa yenyewe, asubuhi, ya wiki ya tatu. Nilikuwa naimba sauti ya pili ya wimbo wetu wa tamasha, mguu uko kwenye cherehani, sketi ya kumi na tisa iko chini ya sindano. Nikamwona Bi Zuhura anavuka barabara mbiombio, khanga kaitupia tu kichwani, kiatu kimoja hakijavaliwa vizuri. Mdomo wangu, mwanangu, ulijifungua wenyewe. Hata hakuwa amefika.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Imebaki vifungo tu, leo jioni kwa jina la..."

"Nipe hivyo hivyo," akasema.

Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Nipe hivyo hivyo bila vifungo, fundi. Baba amezidiwa. Ameamka anaulizia kanzu yake, anataka aivae leo Ijumaa, japo akae nayo kitandani. Nitaibana kwa pini. Nipe tu."

Cherehani ya Mligo ilisimama. Mimi nilisimama pia, nikaenda mpaka kwenye pazia, nikalishika. Nitakwambia ukweli wote, maana nusu ya ukweli ndiyo iliyonifikisha pale: hata wakati ule, mkono ukiwa kwenye pazia, ulimi wangu ulishaandaa jingine. Ulitaka kusema kanzu iko kwa mtu wa overloki, yule wa kushona kingo zisichanike nyuzi, inarudi sasa hivi. Ulikuwa tayari kabisa mdomoni. Sijui nini kilinizuia, labda kile kiatu chake kisichovaliwa vizuri. Nikavuta pazia, nikalitoa furushi. Lilikuwa bado kwenye gazeti lake, na fundo la uzi lilikuwa lile lile alilolifunga yeye mwenyewe. Nikaliweka mikononi mwake.

"Bi Zuhura," nikasema, "sijakata."

Laiti angenitukana. Ningetukanwa mbele ya Manzese nzima ningeshukuru. Alilitazama lile fundo lake, akaligusa kwa kidole, akasema, "Nilijua."

Nikamwangalia.

"Vifungo si unanunua kwangu, fundi? Wiki tatu hujaja kununua kifungo cheupe hata kimoja. Na baba naye ni muuza vifungo, anajua cha kuuliza. Siku ya kwanza nilipompelekea maneno yako, akaniuliza, ameshakuja kuvichukua? Nikamwambia ndiyo, kavichukua." Sauti yake ilianza kukatika. "Sikutaka aone kuwa alikosea kuchagua mtu. Mie sijawahi kumdanganya baba yangu. Nimeanza uzeeni kwa ajili yako."

Hapo machozi yalinitoka, tena hadharani, mbele ya mama muuza maandazi. Penye ukweli uongo hujitenga, na ulipojitenga niliuona ulivyo: ulikuwa haukai kwangu peke yangu. Nilikuwa nimeutuma ukavuka barabara, ukaingia nyumba ya watu, ukakaa kati ya mtoto na mzazi wake mgonjwa. Nami muda wote huo nilikuwa nafundisha watu sauti ya pili.

Mligo akakohoa. Hakuwa mtu wa mahubiri. "Wote hapa barazani tunadanganya, dogo," akasema bila kunitazama. "Ila mie nadanganyaga peke yangu. Wewe unamwita na Mungu aje akushikie taa."

Nikamwomba Bi Zuhura anirudishie kitambaa, anipe mpaka alasiri. Alisita, na nani angemlaumu? Nikafungua mdomo niape. Akanyanyua mkono.

"Usiniahidi kitu, fundi. Shona tu."

Akaniachia furushi, akarudi kwa mgonjwa wake.

Nikashona. Sketi za kwaya nilizikusanya nikazitupa kwenye rafu. Nilikata poplini ile juu ya meza kwa mkono uliokuwa unatetemeka hadi Mligo akaja akaushika mkasi kwa upande wa pili. Aliacha kazi zake siku ile, yule niliyemwita mpagani. Nikiunga mabega, yeye anatia mkaa kwenye pasi. Nikiweka mikono, yeye anapinda chini. Matundu ya vifungo alidarizi yeye, alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi. Sikuimba. Nadhani ndiyo ilikuwa siku ya kwanza baraza lile kunisikia nimenyamaza, na ndiyo siku niliyomwomba Mungu kwelikweli, ingawa sikuwa na maneno zaidi ya kukanyaga cherehani.

Adhana ya alasiri ilipolia, kanzu ilikuwa imekwisha, imenyooshwa, imekunjwa mkononi mwangu. Nikapapasa kikopo changu nione, nikakuta vifungo vyeusi, vya bluu, vya kahawia. Cheupe hakuna. Mligo aliangalia kile kikopo, akaniangalia mimi, na wote wawili tukaelewa kwa pamoja. Ilikuwa imebaki vifungo tu.

Nilivuka barabara na kanzu mkononi. Duka lilikuwa limefungwa nusu mlango, Bi Zuhura amesimama hapo. Nikasema, "Shikamoo. Imebaki..." Nikamwonyesha shingo ya kanzu. Akanimalizia yeye mwenyewe, "Vifungo tu," na nikaona kwa mbali anataka kutabasamu. Akaingia ndani, akavuta droo, akatoa kadi ya vifungo vyeupe, ile kadi ngumu ambayo vifungo hushonewa kumi na mbili, akanikaribisha chumbani kwa baba yake.

Mzee Nassor alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amekonda usoni, lakini macho yalikuwa hai. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono akaipapasa kanzu kwa vidole, kama muuza kitambaa anavyopapasa. Vidole vikapanda mpaka shingoni.

"Haina vifungo," akasema.

"Naomba nivishonee hapa hapa, mzee."

Akanionyesha kigoda. Nikakaa, nikatunga uzi, nikashona kifungo cha kwanza. Nilipoanza cha pili, mzee akasema taratibu, "Zuhura aliniambia ulishavichukua. Mtoto huyu hajui uongo. Akijaribu, sauti inamshuka. Nikamwacha, maana nilijua anamsitiri mtu."

Sindano ilinichoma kidole. Nikasema, "Mzee, kosa ni langu lote. Yeye hana kosa. Naomba unisamehe."

"Shona," akasema.

Nikashona. Kwenye kifungo cha tatu akaendelea. "Hilo jina uliloniletea kila wiki, kwenu ni jina kubwa. Kwetu pia ni mtu wa heshima, hatumtaji ovyo. Unawajua wale wazazi, mtu akija kuwadai, wanamtuma mtoto mlangoni akaseme, baba kasema hayupo?"

Nilijua. Nani asiyejua?

"Basi ndivyo ulivyolifanya. Ulijificha uvunguni, ukalituma jina hilo mlangoni liende likaseme hupo." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamwishia. "Mtoto aliyetumwa hana kosa, lakini ndiye anayepata aibu. Usilitume tena, mwanangu. Mlangoni nenda mwenyewe."

Aliniita mwanangu. Nilikuwa nimemkosea wiki tatu, akaniita mwanangu. Nilishona kifungo cha nne bila kukiona vizuri, kwa machozi, na mpaka leo najua kilikaa upande kidogo kuliko vingine.

Tukamvalisha. Bi Zuhura alimfunga vifungo kimoja baada ya kingine, mzee akaomba kioo, akajitazama kulia na kushoto kama bwana harusi. Kisha akaniambia, "Koleo kuvunjika si mwisho wa uhunzi. Nenda kaimbe, unaimba vizuri. Ila mteja akishafika kwake bila nguo, wimbo hausikii."

Mungu alimpa nafuu. Ijumaa mbili zilizofuata wanawe walimchukua kwa teksi mpaka msikitini, na mimi nilimwona akipita na kanzu yake. Ya tatu hakuiona. Nilikwenda mazikoni, nikasimama na wanaume nje, na mwanawe mkubwa alikuwa ameivaa kanzu ile. Nilikitambua kifungo cha nne kwa mbali. Bi Zuhura aliniita baadaye akanipa ile kadi, ikiwa na vifungo vinane vilivyobaki. Hakunieleza kwa nini, wala sikumuuliza.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka kama hadithi za watoto. Kwaya niliwaambia Jumamosi ile kwamba sare hazitatimia, na mwenyekiti akanijia juu: "Mwalimu, umetuangusha." Nikasema ni kweli, nimewaangusha. Tuliimba na nguo zetu za zamani, hatukupewa hata cheti. Kisha niliondoa pazia. Vitambaa ambavyo sijakata nikaviweka wazi, mteja akija aone mwenyewe furushi lake liko wapi. Unajua walifanya nini? Walinikimbia! Mtu ananiuliza lini, namwambia wiki tatu. Anamuuliza fundi wa baraza lingine, anaambiwa kesho. Anakwenda kwa kesho. Kuna miezi mama yenu alikuwa ananiangalia tu, ananiwekea ugali mtupu. Watu wengine wanaupenda uongo wenye tarehe ya karibu. Taratibu wakarudi, si wote, na waliorudi walikaa.

Ule ubao niliuchukua, nikalipaka rangi lile neno la juu, nikabakiza FUNDI. Bi Zuhura aliona, akauliza, "Mbona umelifuta?" Nikamwambia, bado sijafika. Akasema, "Basi ukifika andika." Sijaandika mpaka leo.

Sasa nisikilize, wewe uliyelala kwenye kochi, na wenzako wote wenye mistari ya Biblia kwenye simu kila asubuhi. Siwacheki. Mistari ile ni mizuri na mimi huisoma, ila herufi mnaziweka ndogo mno. Ninyi maisha yenu ni magumu kuliko yetu, hilo nalijua. Mji umepanuka, mteja anataka jibu kabla hajamaliza kuuliza, na bosi anakutafuta mpaka ukiwa chooni. Kudanganya kumekuwa kama kupumua, na mtu hata hajisikii. Ndiyo maana sikukukemea juzi. Nilikuonea huruma, nikajionea na mimi.

Lakini imani yako, mwanangu, haipimwi pale unapoinua mikono. Pale wote tunainua. Inapimwa mteja anapopiga simu na keki iko kwenye oveni. Sema, "Dada, nimechelewa, ndiyo kwanza inaiva, nisamehe." Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake, umemchelewesha. Usimpokonye haki yake ya kukasirika kwa kumfunika na jina la Mungu. Ukiandika "nitakuombea" kwenye lile kundi la jumuiya, weka simu chini uombe hapo hapo, hata kwa maneno matano. Vinginevyo hiyo nayo ni vifungo tu. Ukimwambia mtu "Mungu akipenda nitakuja", na moyoni umeshajua huendi, sema siendi. Mungu alikuwa amependa, wewe ndiye hukupenda. Na kazi ya kanisa isikufanye ukamlaza njaa mtu aliyeweka kitambaa chake mikononi mwako, maana huyo mtu naye ni kazi ya Bwana. Jirani ambaye hasali kama wewe hatakuja ibadani akusikie ukiimba. Anakutana na imani yako ng'ambo ya barabara, siku uliyomwahidi.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usingoje aibu ikuvutie pazia. Mficha maradhi kilio humfichua. Livute mwenyewe, toa furushi, sema "sijakata". Neno hilo linauma siku moja. Mimi liliniponya.

Mungu wa baba zako akubariki, mwanangu, katika kuingia kwako na kutoka kwako, jikoni na kwenye foleni. Akupe wateja wenye subira na ulimi usio na haraka. Akupe marafiki wa kukushikia mkasi mkono ukitetemeka, hata kama hawajui wimbo wako. Na siku utakapomwambia mtu imebaki vifungo tu, Mungu akujalie iwe kweli vimebaki vifungo.

Ile kadi nimeitoa leo asubuhi kwenye sanduku la cherehani. Vifungo bado ni vinane, vimekuwa vya manjano kidogo. Nimekuwekea juu ya meza, pale unapochajia simu.